Nyakinywa wa Ikizu na Haki ya Mgeni Kutawala

Kila uchaguzi unapokaribia mkoani Mara, kuanzia Musoma hadi Bunda, husikika swali lile lile vijiweni: huyu ni wa hapa kweli? Mgombea akiwa mwanamke aliyeolewa, swali huwa zito maradufu. Alikozaliwa huambiwa ameshaondoka, na alikoolewa huambiwa ni wa kuja. Wanaouliza hivyo hudai kwamba wanalinda mila. Mimi nasema mila hiyo hawajaisoma vizuri, na ushahidi uko Ikizu, ndani ya Wilaya ya Bunda.

Kwa masimulizi ya Waikizu wenyewe, utemi wao ulianzishwa na mwanamke mgeni. Nyakinywa alitoka Kanadi, Usukumani, upande wa Simiyu ya leo. Kwao aliondoka bila kiti. Alichokuwa nacho ni uganga wa mvua. Nchi aliyoingia ilikuwa na wenyewe: watu wa Muriho, yule mwonaji ambaye jina lake limebaki kwenye mlima Chamuriho. Huko alikutana na mwindaji Isamongo, ambaye wengine humwita Samongo. Wakapimana nguvu. Isamongo akawasha moto, Nyakinywa akaleta mvua, moto ukazimika.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye ushindi. Kwangu uzito uko kwenye kilichofuata, yaani mapatano. Nyakinywa alikaa na Isamongo kama mke na mume, akapewa utemi, nao wenye nchi hawakufutwa: Muriho na misambwa yake, yaani mizimu ya nchi, waliendelea kuheshimiwa. Wazee P. M. Mturi na S. Sasora, walioandika historia ya Ikizu na Sizaki, walihifadhi kumbukumbu ya watemi, na kumbukumbu hiyo huanza na wanawake, wanaume wakaja baadaye.

Kuna hoja nzito dhidi ya ninayoyasema. Simulizi za asili ya utawala husimuliwa na walioshinda, na pengine yaliyoitwa mapatano yalikuwa unyang'anyi uliopambwa. Siipuuzi hoja hiyo. Lakini mnyang'anyi huwa na askari, na Nyakinywa katika simulizi hana hata mmoja. Tena mtemi wa mvua hana pa kujificha. Usukumani, mtemi aliweza kuondolewa mvua ilipokatika, hata kama damu yake ilikuwa safi kiasi gani. Mamlaka ya namna hiyo hudumu kwa ridhaa, kwa sababu kila msimu watu hutazama mawingu na kumpima aliyekalia kiti. Na kama nia ilikuwa kumfuta aliyeshindwa, kwa nini jina la Isamongo bado linatajwa?

Mlinganishe na dai la aina nyingine. Agosti 1885, Salme binti Said, aliyekuwa ameondoka Unguja miaka 19 kabla, alirudi pamoja na manowari za Ujerumani kudai urithi wake kwa kaka yake, Sultani Barghash. Huenda alikuwa na haki. Lakini kwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa fimbo ya kumtishia Sultani ili aachie madai yake ya bara, na Wajerumani walipopata walichotaka, dai lake wakaliacha. Mwenye dai akija na meli za mtu mwingine, wenye nchi wana kila sababu ya kumkataa. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea: mgeni amekuja na nini, na amepatana na nani. Alikozaliwa ni jambo dogo.

Kipimo hiki kilivurugwa na ukoloni. Serikali ya kikoloni ilitaka mtu mmoja wa kudumu, wa kukusanya kodi na kupokea amri. Uzanaki, Wajerumani walimfanya Nyerere Burito kuwa chifu mwaka 1915, akabaki hadi alipofariki mwaka 1942. Usukumani, urithi uliokuwa ukipitia upande wa dada ulihamia kwa watoto wa kiume wa mtemi katika enzi hiyo hiyo ya wakoloni. Kwa hiyo anayesema leo kwamba kiti ni cha mwanamume wa damu ya hapa anatetea daftari la bwana shauri, akidhani anatetea mababu. Serikali huru iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, lakini mawazo ya daftari lile yalibaki vichwani.

Yamebaki, ingawa matukio yenyewe yanayapinga. Mwaka 2015 wapiga kura wa Bunda Mjini walimchagua Ester Bulaya wakamwacha Stephen Wasira, mwanasiasa mkongwe. Septemba 2021, huko Kisesa, Magu, machifu walimpa Rais Samia, mwanamke wa Zanzibar, jina la Hangaya na cheo cha mkuu wao. Unaweza kutokubaliana na chaguo lolote kati ya hayo, na kupinga ni haki yako. Lakini usiseme ni kinyume cha mila.

Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na wanafunzi hupelekwa huko kujifunza habari za Burito na mwanawe. Ikizu haina sehemu kama hiyo kwa ajili ya Nyakinywa. Halmashauri ya Wilaya ya Bunda iweke kibao chini ya Chamuriho, na shule za Nyamuswa na Hunyari ziwaalike wazee wasimulie darasani wangali hai. Na wewe mpiga kura, mgombea ajaye akisimama mbele yako, muulize ameleta nini.