Wimbo utatupa ujasiri, lakini kura ni jukumu letu

PANDA matatu ya Rongai au Githurai jioni uone. Watu wamechoka, mfuko umetoboka, na jam haisongi. Kisha dereva anaongeza sauti ya ngoma inayojulikana. Vichwa vinaanza kutikisika, konda anagonga mlango kufuata mdundo, na abiria wasiojuana wanajikuta wakiimba kibwagizo kimoja. Hakuna anayeuliza jirani yake ni kabila gani.

Huo ndio uzito wa muziki. Hotuba huishia masikioni, ila wimbo huingia mwilini. Ukiuimba na wenzako, hofu inapungua kwa sababu unajua hauko peke yako.

Mwaka wa 2002, Gidi Gidi Maji Maji walitoa ‘Unbwogable’, jina lililotokana na neno la Kijaluo ‘bwogo’, yaani kutisha. Wengi waliouimba hawakujua Kijaluo, lakini maana waliipata. Narc ikaudaka kwa kampeni, na Desemba mwaka huo Kanu iling’olewa baada ya karibu miaka 40 madarakani.

Juni 2024, Gen Z walipomiminika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ‘Anguka Nayo’ ya Wadagliz, ngoma ya kuchezea densi tu, iligeuka kuwa wimbo wa maandamano. Baadhi ya walioandamana hawakurudi nyumbani. Ndiyo maana ukipigwa leo, kuna anayecheza na kuna anayefuta machozi.

Sasa hapo ndipo tunafaa kuwa macho. Wanasiasa nao wanaijua nguvu hiyo. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, kila mgombea atasaka msanii wa kumtungia. Lori lenye spika litafika mtaani kwenu na ngoma itakuwa moto kweli. Cheza, hakuna noma. Lakini mdundo ukizimwa, jiulize: huyu jamaa amesema atafanya nini, au tumeimba tu jina lake?

Nanyi wasanii, kulipwa ni haki yenu, kazi ni kazi. Ila kumbukeni kwamba anayenunua wimbo wenu ananunua pia imani ya mashabiki wenu.

Wimbo unaweza kukutoa nyumbani ukiwa na ujasiri, lakini hauwezi kukupigia kura. Kama hujajisajili, beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC iliyo karibu nawe. Njiani, weka ngoma unayoipenda.