Miche Iliyolala Kitaluni

Baadhi yenu mmeuliza kitalu cha msikiti wetu hapa Robanda kimefikia wapi. Humo tulisia misindano kwa nia ya kupata, inshaAllah, mbao za madrasa, na fedha zilizotumika ni sadaka zenu. Mna haki ya kujibiwa. Sehemu kubwa ya miche imekufa.

Ilichipua vyema. Siku chache baadaye tukaikuta imelala, majani yangali mabichi, lakini shina limenywea na kuwa jeusi pale linapogusa udongo. Lilianza duara dogo, likapanuka. Wako waliotaja kijicho. Wengine, nasi tukiwamo, tuliwalaumu watoto wa madrasa kwamba hawakumwagilia, tukaamuru maji yaongezwe asubuhi na jioni.

Kosa lilikuwa letu, na watoto hao tunawaomba radhi hadharani. Ugonjwa huo huitwa kinyausi. Huletwa na kuvu na viumbe wafananao na kuvu waishio udongoni, kama vile Pythium, wanaostawi penye maji mengi, kivuli kizito na mbegu zilizosongamana. Yote matatu tuliyafanya. Tena tulinyunyiza majivu kama tufanyavyo kwenye mboga, kumbe majivu hupunguza uchachu wa udongo, nao msindano mchanga huuhitaji. Sisi tunaokatazana israfu ya maji ya udhu!

Mche uliokwisha kulala haunyanyuki. Tumeing'oa migonjwa na kuichoma, tumepunguza nyasi za kichanja ili hewa ipite, na sasa tunamwagilia asubuhi tu, udongo wa juu ukishakauka. Shina likishakuwa gumu hatari hupungua sana.

Wala si kila kuvu ni adui. Msindano ni mgeni Afrika Mashariki, na mizizi yake hudumaa bila kuvu mwenza anayeisaidia kufyonza madini. Ndiyo maana wenye vitalu huchanganya udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa. Lakini hata mti mkubwa hausalimiki: katika miaka ya 1960 kuvu wa majani, Dothistroma, aliwalazimisha wataalamu wa misitu wa Kenya na Tanganyika kuacha kupanda Pinus radiata.

Tutasia tena, kwa nafasi, juu ya mchanga wa mtoni. Hesabu ya fedha itasomwa baada ya Sala ya Ijumaa. Ufunguo wa kitalu tumewarudishia watoto.