Usiuze Gitaa kwa Sababu ya Uzi Mmoja

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, kazi imenibana kweli. Leo naacha habari za hifadhidata kidogo, nataka kuongea juu ya magitaa. Hesabu zipo lakini, msiogope.

Wanaonijua wanajua napiga gitaa la nyuzi saba. Skeli yake, yaani urefu wa sehemu ya uzi inayotetema, ni inchi 25.5 kwa nyuzi zote. Shida ilikuwa uzi wa saba, ule mnene wa B. Ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiupiga kwa nguvu, sauti inapanda kwanza halafu ndiyo inashuka mahali pake. Tulikuwa tumebakisha mwezi mmoja kuingia studio, na mwenzangu wa bendi alikuwa na jibu moja tu: uza hilo, ongeza akiba yako, nunua maltiskeli.

Kwa asiyeijua, maltiskeli ni gitaa ambalo kila uzi una urefu wake. Ule mwembamba unabaki inchi 25.5, mnene unafika 27 au zaidi, na freti zinalala mshazari kama upepeo uliofunguliwa. Ralph Novak alipewa hataza yake Marekani mwaka 1989, ingawa ala nyingine za orfarioni kule Uingereza karne ya 16 zilikuwa tayari na freti za kulala. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba ni teknolojia ya jana.

Akiba yenyewe ilikuwa ya miezi minane. Kabla ya kuitoa nikafungua tarakilishi, nikaandika mistari ishirini ya Python.

Fizikia yake ni ya shule ya upili. Ukiacha uzi uleule na sauti ileile, mkazo unakua kwa mraba wa urefu. Gawanya 27 kwa 25.5, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.12. Asilimia 12 basi! Inchi moja na nusu ni kama kuongeza freti moja tu nyuma ya shingo. Mkazo unakua pia kwa mraba wa unene, takriban. Kwa hivyo nikaiuliza programu: seti yangu ina uzi wa E wa 0.046 ya inchi, nao unanifurahisha. B inataka unene gani ili mkazo ulingane na huo? Kwa inchi 25.5 ikajibu 0.061. Kwa inchi 27 ikajibu 0.058.

Soma tena hizo namba mbili. Ubishi wetu wote ulikuwa juu ya elfu tatu za inchi.

Nikampelekea fundi gitaa, tukaupima uzi wangu kwa kalipa. Ulikuwa 0.056. Yaani ulikuwa na mkazo pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko E yangu. Hata ningenunua maltiskeli ya inchi 27 na kuweka uzi uleule, bado ungekuwa umelegea kidogo. Mdudu hakuwa kwenye skeli. Alikuwa kwenye pakiti ya nyuzi! Ni kama kununua seva mpya kwa sababu ya swali moja la SQL lililoandikwa vibaya (nimeona ofisi ikifanya hivyo, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine).

Sasa haki itendeke. Uzi ukizidi unene unakuwa mgumu kama waya wa ua, na sauti zake za juu zinapotoka, B inasikika ya matope. Ndiyo maana piano kubwa ina nyuzi ndefu za besi. Ukienda kwenye nyuzi nane, F# ya chini ni mitetemo 46 kwa sekunde. E ya gitaa la besi ni 41, na besi ina skeli ya inchi 34! Kwa inchi 25.5 programu yangu ilidai uzi wa 0.082 kwa hiyo F#. Kwa inchi 28 ikashuka hadi 0.075. Hapo mimi mwenyewe ningenunua maltiskeli bila kubishana, kwa sababu ukirefusha nyuzi zote hadi 28 hata zile nyembamba zinakaza, na kuzipinda ni kazi.

Lakini nyuzi saba kwa B ya kawaida? Skeli moja inatosha. Pikapu (si ile ya kubeba viazi Wakulima) unabadilisha na yoyote ya nyuzi saba inayoingia. Daraja likiharibika unapata jingine. Kwenye maltiskeli vyote viwili vimekatwa kwa pembe ya gitaa hilo, na hapa Nairobi kipuri cha namna hiyo ni cha kuagiza na kusubiri. Ni sawa na kuandika thamani ndani ya msimbo badala ya kuiweka kwenye faili ya mipangilio.

Nilinunua uzi mmoja wa 0.062 kwa bei ya chakula cha mchana mjini. Fundi akapanua kijia chake juu kwenye nati, akarudisha kiti cha uzi nyuma kidogo darajani ili noti za juu zikae sawa. Tukarekodi. B haikuyumba.

Mwenzangu bado anasema freti za mshazari zinapendeza macho. Hapo sina hoja.