Mahamri ya Majengo na Nyumba za Ghorofa

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu mwaka 2024, mazungumzo ya mijini ni yale yale: makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, nani atapewa ufunguo, na nani atabaki mpangaji. Ni mambo ya haki kuulizwa. Lakini mimi, niliyelelewa kwa wali wa nazi na sasa nakaa upande wa mashariki wa Nairobi, nina suala jingine ambalo sijalisikia likitajwa mkutanoni: jiko la makaa litawekwa wapi?

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akacheka. Basi na aje Pumwani baada ya alasiri, mwezi wa Ramadhani. Toka upande wa Msikiti wa Riyadha hadi vichochoro vya Majengo atawakuta kina mama mbele ya nyumba zao, huyu na karai, yule na sufuria: mahamri, kaimati, viazi karai, sambusa, mbaazi za nazi, muhogo, tambi, na uji uliotiwa pilipili manga. Magharibi ikisha kuswaliwa, hutoka kahawa chungu na kashata. Sharubati ya ukwaju ipo pia, ijapokuwa siku hizi sukari yake imezidi mno, nami sioni sababu.

Chakula hiki hakikufika Nairobi jana kwa basi. Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vya Waafrika kama Pangani, Maskini, na kimoja kilichoitwa Mombasa, jina ambalo lajieleza lenyewe. Serikali ya kikoloni ilivivunja kimoja baada ya kingine. Pumwani ilifunguliwa mapema katika miaka ya 1920, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikafika zamu ya watu wa Pangani kuhamishwa, wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, na si wote waliozaliwa pwani. Walikuwamo Wakikuyu na Wakamba waliosilimu huku huku mjini, wakajifunga leso, wakashika Kiswahili pamoja na upishi wake. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba mahamri ya Majengo ni chakula cha wageni hajui mji wake.

Hata vitu vyenyewe vina safari za ajabu. Mbaazi hulimwa kwa wingi Ukambani, kwa hiyo mpishi wa Pumwani yuko karibu na shamba kuliko mpishi wa Mombasa! Taabu ni nazi, ambayo yatoka Kilifi na Kwale, na nauli yake huingia katika bei. Nazi ikipanda, tui huwa jepesi; ikipanda tena, hutiwa maziwa ya ng'ombe, na hapo hamri huwa limekuwa andazi tu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kupikia, niliona mahamri yakipungua ukubwa wiki hata wiki huku bei ikikaa pale pale. Wauzaji hawakuwa wakidanganya mtu. Walijua mnunuzi wao ana shilingi ngapi mfukoni.

Sasa turudi kwenye jiko. Chukueni mkate wa sinia. Mchele hurowekwa, ukasagwa pamoja na nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Ukisha kumiminwa, moto huwekwa chini, kisha makaa hupaliwa juu ya kifuniko ili uso uive na kupata rangi. Wali mzuri nao hupaliwa vivyo hivyo. Jiko la gesi haliwezi kazi hiyo, kwa kuwa lina moto wa chini peke yake. Sisemi makaa hayana madhara. Moshi umewaharibu kina mama wengi macho na kifua, na marufuku ya kukata miti iliyodumu toka 2018 hadi 2023 ilitufundisha jinsi gunia linavyoweza kuwa ghali. Ila anayetaka kuyaondoa makaa alete chombo chenye moto wa juu na wa chini ambacho mjane wa Majengo ataweza kukinunua.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, na ubovu wake wote wa udongo na mabati, ina ukumbi katikati, ua nyuma na mlango unaotazama njia. Mwanamke hupika uani akauza mlangoni, akiwa na wajukuu machoni pake na bila ya kulipa kodi ya duka. Mpandisheni ghorofa ya nane: atapata choo cha ndani na maji ya mfereji, na hapana asiyemtakia hayo. Lakini mteja wa mahamri ya alfajiri hapandi ngazi mia kutafuta staftahi, wala jirani hakubali moshi wa karai dirishani kwake.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa asili wa Mexico katika orodha ya urithi wa binadamu, na mfano uliotolewa ulikuwa wa jimbo la Michoacán. Huko wanawake hupika mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga, na mahindi, nyanya na pilipili za kachumbari yetu asili yake ni pande hizo. Kilichotambuliwa hakikuwa sahani tu, bali shamba, jiko, sherehe na wapishi wenyewe pamoja. Kenya nayo ilitajwa na UNESCO mwaka 2021 kwa juhudi zake za kuhifadhi vyakula vya kienyeji, hasa mboga za majani. Ni sifa njema. Ila mboga za majani huota popote penye mvua, na baraza ikivunjwa haioti tena.

Nionavyo mimi, wachoraji wa ramani waiache ghorofa ya chini wazi upande wa njia, watie maji, meza za saruji na bomba refu la kutolea moshi, na waliokuwa wakipika mahali hapo tangu zamani waandikwe majina kwanza, kabla ya wenye maduka ya simu.