Mgongo wa mfugaji na lugha ya daktari

Kila mara ufundi mpya wa tiba unapotangazwa mijini, wakazi wa Kaskazini Mashariki huzipokea habari zake kama wanavyopokea habari za mvua iliyonyesha kwingine. Miongoni mwa ufundi huo ni vipandikizi vya kutanuka, ambavyo madaktari wa upasuaji huviweka mgongoni ili kuzishikilia pingili zilizovunjika au kuliwa na maradhi. Hakuna mwenye akili timamu awezaye kuupinga ufundi huu. Lakini kabla ya kushangilia, yafaa tujiulize ni kwa njia gani mgonjwa wa Bute, katika Wajir Kaskazini, ataufikia, na atakapoufikia ni nani atakayemweleza kwa lugha anayoielewa kitu hicho ni nini na kinaingizwa mwilini mwake kwa sababu gani.

Kifaa chenyewe si kigumu kueleza. Mtu mzima ana pingili 24 zinazojongea tangu shingoni hadi kiunoni, kila moja ikiwa imeketi juu ya mwenzake. Pingili moja ikibomoka, zile za juu huinama mbele, kibiongo hutokea, na mshipa mkuu wa fahamu unaopita nyuma yake huanza kubanwa. Hapo daktari hulazimika kuondoa mfupa ulioharibika na kuziba pengo linalobaki. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa kipande cha mfupa wa nyonga au wa ubavu wa mgonjwa mwenyewe. Baadaye vikaja vichuma vya urefu maalumu ambavyo daktari alivikata kwa kukadiria. Kipandikizi cha kutanuka, ambacho aghalabu hutengenezwa kwa madini ya titani, huingizwa kikiwa kifupi, kisha huinuliwa taratibu papo hapo mpaka kiziguse pingili ya juu na ya chini. Hufungwa pamoja na skrubu na vyuma vingine, na vipande vya mfupa huwekwa ndani yake na kandokando ili hatimaye mgongo uungane. Dereva yeyote wa lori wa njia ya Moyale na utingo wake wanakijua kifaa cha namna hii: ni jeki. Na kama jeki, kikiinuliwa kupita kiasi kwenye ardhi laini huzama. Mfupa uliodhoofika hauwezi kustahimili nguvu nyingi.

Je, watu wa Bute wana haja na jambo hili? Wanayo. Ajali za magari yaliyojaza mizigo na abiria huvunja migongo, na risasi katika eneo ambalo limeona mapigano ya koo na mashambulizi ya mpakani hufanya vivyo hivyo. Lakini maradhi nayo yana sehemu yake. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huweza kushuka kwenye pingili na kuzila polepole. Tabibu Mwingereza Percivall Pott aliyaeleza madhara hayo mwaka 1779, na hadi leo ugonjwa huo huitwa kwa jina lake. Tena ipo brusela, inayopatikana katika maziwa yasiyochemshwa na kwa kuwahudumia mifugo wanaozaa, ambayo mara nyingi hushambulia kiuno na mgongo. Katika jamii inayoishi kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, maumivu ya mgongo yasiyokwisha hayapasi kuchukuliwa kuwa uchovu wa kazi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wengi wa wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo hupona kwa dawa peke yake. Mwongozo wa tiba nchini Kenya huagiza dawa hizo kwa miezi 12, ilhali kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Wanaohitaji kisu ni wale ambao mshipa wa fahamu umebanwa na miguu inalegea, au ambao mgongo umepinda na kuyumba. Kwa maneno mengine, aghalabu kipandikizi ni tiba ya aliyechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa titani, ghali kupita uwezo wa familia nyingi za wafugaji.

Ni nini basi kinachomchelewesha mgonjwa? Umbali, bila shaka. Kutoka Bute hadi Nairobi, iliko hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo katika barabara ya Lenana, ni safari ya mamia ya kilomita. Ni kweli kwamba barabara ya Isiolo hadi Moyale ilitiwa lami katika miaka ya 2010, lakini mtu aliyevunjika mgongo hana budi kuifikia lami hiyo kwanza, naye kila mtikisiko wa gari huweza kuugeuza uvunjikaji kuwa kupooza. Ukosefu wa fedha nao ni kikwazo. Hata hivyo, kipo kizuizi kingine ambacho wapangaji wa afya hawakitaji sana, nacho ni lugha.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Jina kifua kikuu humwambia msikilizaji kwamba ugonjwa huu ni wa kifua. Mtu asiyekohoa, ambaye maumivu yake yako mgongoni, atawezaje kudhani kwamba ana kifua kikuu? Na neno uti wa mgongo limebeba mizigo miwili. Tunalitumia kwa safu ya mifupa, na tunalitumia pia kwa mshipa wa fahamu ulio ndani ya mifupa hiyo. Ndiyo sababu ugonjwa wa utando wa ubongo na mshipa huo tunauita homa ya uti wa mgongo. Daktari akisema, "Uti wa mgongo umeumia," amesema nini? Kama ni mfupa, kuna matumaini makubwa. Kama ni mshipa, huenda mgonjwa asitembee tena. Tofauti hiyo ni ya uhai na kilema, na sisi tumeiachia neno moja. Kiswahili kina neno ugwe, yaani uzi au kamba. Tungesema uti kwa mfupa na ugwe wa mgongo kwa mshipa, tungekuwa tumempa daktari na mgonjwa nafasi ya kuelewana.

Bute si mji wa Kiswahili pekee. Nyumbani watu huzungumza Kisomali au Kiborana, na wazee wengi, hasa wanawake, hawakupata kusoma shuleni. Wasemaji wa lugha hizi mbili huweza kutosikilizana, lakini lugha zenyewe ni za ukoo mmoja wa Kikushi, na mfupa unaitwa laf kwa Kisomali na lafee kwa Kiborana. Hapo tayari pana daraja ambalo mhudumu wa afya angeweza kulivuka. Badala yake, maelezo ya daktari hutoka katika Kiingereza cha chuoni, yakapita katika Kiswahili cha haraka, yakamfikia mgonjwa kupitia kwa yeyote aliye karibu: mlinzi wa lango, jirani wa kitandani, au mtoto aliyefika darasa la nane. Mkalimani huyo akiambiwa kwamba mgonjwa atawekewa kile ambacho madaktari kwa Kiingereza hukiita kizimba, mgonjwa atafikiri nini zaidi ya kizimba cha kuku au kile cha mahakama? Angeambiwa ni jeki ndogo ya kuinua pingili iliyoanguka, angeelewa mara moja na kuuliza maswali ya maana.

Tena kuna jambo ambalo heshima hulifunika. Mshipa wa fahamu ukianza kubanwa, miongoni mwa dalili ni mtu kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, ama kushindwa kuitoa. Dalili hiyo ikitajwa mapema, huweza kuokoa miguu. Sasa chukulia mama wa miaka 50 ambaye mkalimani wake ni mwanawe wa kiume, au mkwewe. Je, atayatamka maneno hayo mbele yake? Atasema mgongo unamuuma, basi. Daktari ataandika maumivu ya mgongo, atampa vidonge vya kutuliza, na mama atarudi nyumbani. Atakaporudi hospitalini atakuwa amebebwa. Watu watasema alichelewa kuja; ukweli ni kwamba alikuja mapema, ila hakuwekewa mtu wa kuzungumza naye.

Sheria haikunyamaza juu ya haya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu ampe mgonjwa habari za hali yake na za tiba, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Alama ya dole gumba chini ya karatasi ya Kiingereza si ridhaa. Ni alama ya dole gumba tu.

Wapo watakaosema kwamba daktari ana wagonjwa wengi na hana wakati wa mihadhara, na kwamba mgonjwa mwenyewe hutaka kupona tu, hajali majina. Hoja ya kwanza ina uzito, na ndiyo maana kazi ya ukalimani haifai kuachiwa daktari. Hoja ya pili historia ya Wajir yenyewe inaikanusha. Mwaka 1976, Mwitaliano Annalena Tonelli alianza huko mpango wa kuwatibu wafugaji kifua kikuu. Hakungoja wahamaji wawe watu wa mjini. Aliwaalika wapige kambi karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya wahudumu kwa miezi sita, naye alizungumza nao Kisomali. Waliodhaniwa kuwa hawawezi kumaliza dawa walizimaliza, na njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa baadaye ilienezwa duniani na Shirika la Afya Duniani. Tonelli alilazimika kuondoka Kenya baada ya mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, na aliuawa mjini Borama mwaka 2003, lakini somo alilotuachia halijafutika: mfugaji aliyeelezwa vizuri hufuata tiba sawasawa na mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo, serikali ya Kaunti ya Wajir, ambayo imekabidhiwa huduma za afya tangu mwaka 2013, haina budi kuajiri wakalimani wa tiba, wanaume kwa wanawake, wenye mafunzo na mshahara, na kuwaweka katika hospitali zake, ile ya Bute ikiwamo. Hospitali kuu za Nairobi zinazowapokea wagonjwa hao nazo zifanye hivyo. Vyuo vikuu, na hapa nawasuta wenzangu wa idara za lugha, viache kungoja mikutano mikubwa. Vikae na madaktari na wauguzi kuandaa orodha fupi ya maneno ya mgongo na maradhi yake katika Kiswahili, Kisomali na Kiborana. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, ieleze wazi katika lugha hizo ni gharama zipi za upasuaji na vipandikizi inazozilipa na zipi zinabaki kwa familia, ili watu wasiuze ngamia wa mwisho kwa uvumi.

Orodha hiyo ya maneno na mshahara wa wakalimani wachache havizidi uwezo wa kaunti. Havingojei mashine wala daktari bingwa kutoka ng'ambo. Vikianza mwaka huu, mama yule wa mfano wetu atampata mwanamke mwenzake wa kumweleza siri ya haja ndogo, na huenda asikihitaji kipandikizi hata kidogo. Na akikihitaji, atakwenda chumba cha upasuaji akijua anachokwenda kufanyiwa. Hiyo ni haki yake, wala si hisani.