Mkono wa Gia Uliolegea: Somo la Nyenzo Lisilofundishwa

Wako watu wanaoamini kwamba gari kuukuu likifika mahali mkono wake wa gia unayumba kama shina la muhogo wakati wa upepo, basi gari hilo limekwisha. Wengine hukimbilia kuifungua giaboksi yote, wakatumia fedha nyingi na siku kadhaa kutafuta ubovu ambao haumo humo. Rai yetu ni kwamba makundi yote mawili yamekosa jambo moja, nalo ni kanuni ya wenzo, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameikariri na wachache mno wameitumia.

Tuchukue Land Rover za zamani, zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1985, ambazo zingali zikihudumu katika sehemu nyingi za nchi yetu. Chini ya mkono wake wa gia pana tufe la chuma. Tufe hilo hukaa katika kitako chake, na springi hulikandamiza lisirukeruke. Hapo ndipo penye egemeo. Ncha iliyo chini ya tufe huingia ndani ya giaboksi na kusukuma vyuma vinavyochagua gia. Dereva hushika ncha ya juu. Huu ni wenzo kamili, wala hauhitaji mchoro wa toroli kueleweka.

Sasa tupige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kutoka kwenye egemeo hadi kiganja cha dereva ni sentimita 40, na kutoka kwenye egemeo hadi ncha ya chini ni sentimita 8. Ncha ya chini ikilika kwa milimita 1, mkono utacheza milimita 5 huko juu kabla ya kusukuma chochote. Na ikiwa kilicholika ni kitako chenyewe, kiasi egemeo likahama milimita 1, basi ncha ya juu itahama milimita 6, kwa sababu sasa mkono wote wa sentimita 48 unazunguka juu ya ncha yake ya chini. Jumla ni milimita 11 za ulegevu, zilizozaliwa na ulaji ambao jicho laweza kuupita bila kuuona. Wenzo unaoirahisishia mkono kazi ndio huo huo unaoyakuza makosa.

Ulegevu huo si kero ya dereva peke yake. Gia isiyoingia hadi mwisho huweza kuchomoka. Ikichomoka mteremkoni, injini haisaidii tena kulizuia gari. Mzigo wote hubaki juu ya breki, na breki za ngoma zikipata joto kali hupungua nguvu. Nyuma ya dereva huenda wamekaa abiria kumi na magunia yao.

Kwa nini kitako hulika? Katika mji wa Katoro, ulio kando ya barabara itokayo Geita kuelekea Bwanga na Biharamulo, jibu liko hewani. Hii ni nchi ya dhahabu, na sehemu ya dhahabu hiyo imo ndani ya mishipa ya kwarizi, ambayo wachimbaji wadogo huisaga kwa karasha. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kwarizi ina daraja la 7. Chuma laini hakifikii hata 6. Vumbi lake likichanganyika na grisi hupatikana dawa bora ya kusagia vyuma. Mlinzi pekee ni kile kifuniko cha mpira kinachozunguka shina la mkono wa gia. Kikipasuka, wenye magari wengi hukidharau kwa kuwa ni kitu kidogo. Kwa maoni yetu, hakuna mpira wenye thamani zaidi katika gari hilo, ukiacha matairi.

Dawa ya haraka inayotumika ni kukata kipande cha tyubu na kukipachika kati ya tufe na kitako. Hatuwalaumu mafundi, mteja anataka kuondoka jioni ile ile. Lakini mpira wa namna hiyo haupatani na oili: huinyonya, hufura, kisha hulainika na kukatika, na vipande vyake vyaweza kuangukia ndani ya giaboksi. Palipo na mashine ya kukereza, afadhali kukereza kitako au bushi mpya ya shaba nyeusi au ya nailoni ngumu, na kubadili springi iliyochoka. Tufe lililolika laweza kujazwa kwa kuchomelea, mradi lirudishwe kwenye mashine likawe mviringo wa kweli. Tupa haitoshi kwa kazi hiyo.

Kabla ya yote, lakini, lazima kutambua ubovu uko wapi. Injini ikiwa imezimwa, mtu ashike mkono wa gia na kuuchezesha taratibu, mwenzake akilitazama tufe. Tufe likipanda na kushuka, kitako kimelika au springi imelegea. Tufe likitulia na bado gia zikachomoka njiani, basi vijitufe na springi zinazoshikilia gia huko ndani ndizo za kushukiwa, na hapo kweli giaboksi ifunguliwe. Mkono ukiruka kila dereva akanyagapo mafuta, huenda mipira inayobeba injini ndiyo iliyokufa.

Utaratibu huu wa kushuku, kupima na kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine ndio sayansi yenyewe. Mkondo wa amali ulioanza kutekelezwa katika baadhi ya shule za sekondari mwaka 2024 hautafaa kitu ikiwa mwanafunzi atachora wenzo ubaoni asubuhi na kufundishwa spana mchana bila kuambiwa kwamba ni somo moja. Mwalimu wa fizikia aende gereji iliyo jirani, aombe bushi iliyokwisha na mkono wa gia uliotupwa. Aupime mbele ya darasa kwa rula na venia, kisha awaulize wanafunzi wakokotoe ulegevu wa juu kabla hajawaruhusu kuugusa. Na fundi naye aalikwe aje asahihishe majibu.