Goma: verni ya gari haichaguliwi kwa kuangalia bei na mng'ao peke yake

Mjini Goma, mwenye gari anayelipeleka kupakwa rangi upya hujadiliana na fundi juu ya mambo mawili: kama rangi itafanana na ile ya zamani, na ni dola ngapi. Verni, ile tabaka isiyo na rangi inayopulizwa mwisho, mara nyingi haiulizwi hata neno. Fundi anaweka ile aliyo nayo, ama ile inayotosha katika pesa iliyobaki. Hapo ndipo kazi inaharibikia. Hapo pia ndipo kijana anayeshika pistole anapoteza mapafu yake, na hilo halizungumzwi kabisa.

Tuanze na gari. Rangi za metali, zile zenye chembe zinazong'aa, haziishi bila verni. Zenyewe ni nyembamba na zimefifia. Verni ndiyo inayozipa mng'ao na kuzikinga. Lakini kuna rangi zisizo na chembe, kama nyeupe ya magari mengi ya mizigo, zinazotengenezwa ziking'aa zenyewe. Kumlipisha mteja verni juu ya rangi ya namna hiyo ni kumwongezea gharama isiyo ya lazima, na fundi mwaminifu humwambia mapema.

Goma pia si mji wa huruma kwa magari. Uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua lake ni kali hata siku ya baridi. Vumbi jeusi la mawe ya volkano hukwangua kama msasa, hasa gari likipanguswa kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake hushuka na asidi. Matone yakikaukia juu ya kapo, yanaacha madoa ambayo sabuni haiondoi.

Verni ya mkebe mmoja, isiyochanganywa na kitu cha kuikazisha, haiwezi kuvumilia hayo kwa muda mrefu. Hukauka tu kwa sababu maji yake ya kuyeyushia yameruka hewani, na petroli ikiimwagikia, inaweza kulainika tena. Verni ya mikebe miwili ni kitu kingine: inachanganywa na dawa yake ya kukazisha, mara nyingi vipimo viwili vya verni kwa kimoja cha dawa, na vyote viwili hushikana kabisa. Ikipulizwa mara mbili, kwa kusubiri dakika chache kati ya tabaka na tabaka, inaacha unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi. Kuongeza dawa ili ikauke haraka hakusaidii, kunaweza kuifanya ipasuke. Kuweka petroli mahali pa maji yake ya kuyeyushia ni kuharibu kazi kwa makusudi, hata kama kunapunguza bei.

Kwa gari la metali, basi, jibu linaonekana rahisi: mikebe miwili. Lakini dawa ile ya kukazisha ina isosianati. Ikipulizwa, inageuka ukungu usioonekana vizuri, usio na harufu ya kumwonya mtu, na unaobaki hewani hata baada ya pistole kunyamaza. Nchini Uingereza, upuliziaji wa rangi za aina hii unahesabiwa kati ya sababu kubwa za pumu inayotokana na kazi. Mwili ukishaikataa isosianati, kiasi kidogo tu kinatosha kumletea mtu shida ya kupumua, na fundi analazimika kuacha kazi anayoijua. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, hauruhusu mtu kuitumia kazini bila kupata mafunzo kwanza.

Cache-nez ya kitambaa iliyobaki tangu wakati wa Covid haizuii kitu. Hata maski yenye chujio la makaa haitoshi, kwani haimwambii mvaaji kwamba chujio limekwisha. Inayofaa ni maski inayoletewa hewa safi kwa mpira, kutoka kompreseri yenye machujio ya hewa ya kupumua. Ni ghali, ndiyo. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, lakini garaji nyingi ni bosi mmoja na vijana wawili wanaojifunza kazi, na hakuna anayekuja kuangalia.

Ndiyo maana mteja ana sehemu yake. Yeye ndiye anayepunguza bei mpaka maski inatoka kwenye hesabu. Kabla ya kuuliza mkebe unatoka wapi, aombe kuona maski. Kama haipo, apeleke gari garaji nyingine ama akubali verni ya mkebe mmoja, ajue kwamba itafifia mapema na kuhitaji kurudiwa. Hata hiyo ina mvuke mbaya, na fundi bado anahitaji chujio, lakini haina isosianati. Na siku ya kupuliza, mteja asisimame pembeni kuangalia gari lake, na wanafunzi wa kazi wasibaki wakipiga msasa gari jingine ndani ya nyumba ileile.